Mshale wa Mita

Aliyenisimulia haya ni rafiki yangu, fundi kompyuta, na huyo huamini mita yake ya kupimia umeme, haamini mteja. Mjane mmoja alimletea kompyuta: "Kaka, tangu baba watoto afariki, inajizima inapotaka."

Fundi akashuku pawasaplai, kile kisanduku kinachoipa kompyuta umeme, akafunga mpya, kisha akaipima kwa mita. Mshale wa mita ukawa unashuka na kupanda, polepole. Akashuku umeme wa ukutani. Akachomoa waya, akazima swichi kuu. Karakana isiyo na dirisha ikawa giza totoro, feni zikanyamaza. Akamulika mita kwa simu. Mshale bado ulipanda na kushuka, sambamba na kifua chake alivyopumua.

"Ni umeme uliobaki tu," akajiambia.

Akabana pumzi ahakikishe. Mshale nao ukatulia. Akaendelea kubana, na kabla hajaachia, ndani ya kasha la kompyuta mtu akashusha pumzi.