Alichosoma Evaristi Nyuma ya Ukuta

Jua lilikuwa linazama Pelagia alipotua mzigo wa kuni mlangoni. Alichoka jamani, hata kufungua kanga kiunoni aliona kazi. Tangu mumewe afariki hakuwa amepata usingizi wa maana.

Mumewe, Evaristi, ndiye aliyeandika zile hadithi za wachawi zilizotisha watu kuanzia Kasulu hadi Kibondo. Wageni walikuwa bado wanakuja, wanamsifu marehemu, wanakula ugali wa mjane, wanakwenda zao. Hakuna aliyeuliza hadithi zenyewe zilitungwaje. Kila magharibi Evaristi alikuwa akikaa nje, nyuma ya nyumba, akimsomea mkewe kupitia ukutani. Mwisho humuuliza kama ameogopa. Akisema ndiyo, kazi imekwisha. Akisema hapana, anaanza upya. Pelagia, mwenye mtoto mgongoni na mahindi ya kutwanga, alijifunza mapema kusema ndiyo. Funika kombe mwanaharamu apite.

Hadithi ya mwisho aliisoma akiwa na homa kali. Akauliza, akakata roho kabla hajajibiwa. Wakamzika migombani. Magharibi ya kesho yake sauti ikarudi nyuma ya ukuta, ikaisoma tena, ikauliza tena, na kila siku Pelagia hakujibu, maana wafu hawajibiwi.

Mwaka 1974 Operesheni Vijiji ikawahamishia watu kwenye vijiji vya kando ya barabara, na Pelagia, Mungu amsamehe, alifurahi. Kaburi limebaki kule mlimani. Huku hatapajua.

Alipajua siku ileile.

Jirani yake Theodosia alimwonea huruma. Ni kweli wafu hawajibiwi, alimwambia, lakini huyu mjibu ulivyozoea, apumzike, nawe ulale.

Basi Pelagia akawasha moto, akangoja. Harufu ya tumbaku ikaja kwanza... kisha sauti, nyuma ya ukuta. Ilikuwa ileile, ila haikuvuta pumzi hata mara moja. Ikasoma mpaka mwisho.

"Mama Reverien... umeogopa?"

Jibu lenyewe neno moja tu, ndiyo. Lakini hasira ya miaka yote ilimpanda, machozi yakamtoka.

"Hapana," akasema. "Sijawahi kuogopa hata siku moja, baba Reverien. Nimechoka tu."



"Hata zile nyingine?"

Pelagia akajiziba mdomo. Nje karatasi zilianza kufunuliwa, nyingi, zikirudishwa nyuma, nyuma... mpaka hadithi ya kwanza kabisa, ya mwaka waliooana.

"Nimeogopa," akanong'ona, na safari hii ilikuwa kweli.

Hakumsikia. Alikuwa ameshaanza kusoma.