Dawa ya Jioni ya Bibi

Kila siku akirudi shuleni, Chapuchapu alivua sare, akaosha vyombo kwa kelele nyingi, kisha akakimbilia sebuleni. Jina hilo alipewa na bibi yake, kwa kuwa tangu alipoanza kutambaa hakujua kwenda polepole. Shangazi yake alikuwa fundi wa programu za kompyuta, na kompyuta yake ya zamani alikuwa amemwachia binti huyo wa kaka yake ajifunzie.

Bibi alikuwa na shinikizo la damu. Alitakiwa kumeza kidonge asubuhi na kingine jioni, lakini alikuwa msahaulifu. "Kichwa changu kimekuwa chujio," alisema akicheka. Chapuchapu alimpenda mno bibi yake, basi akamtengenezea programu: ikifika saa moja asubuhi na saa moja jioni, kompyuta iseme kwa sauti, "Bibi, dawa!"

Asubuhi ya kwanza ilisema kweli. Bibi alipiga vigelegele, akatangaza kwamba hataki tena kukumbushwa na mtu mwingine.

"Na ya jioni umeijaribu?" Shangazi aliuliza akivaa viatu vya kazini.

"Nimeijaribu, Shangazi."

Hakuwa ameijaribu. Ilitaka kungoja mpaka jioni, na Chapuchapu na kungoja walikuwa paka na panya.

Jioni hiyo alikuwa nje akiruka kamba na wenzake. Shangazi aliporudi, saa ya dawa ilikuwa imepita zamani. Alimkuta Bibi kitini, kidonge kiganjani, bilauri ya maji mbele yake, jasho linamtoka.

"Mama! Mbona hujameza?"

"Namsubiri mjukuu wangu aniambie. Bado hajasema."

Nesi aliyeishi jirani aliitwa mbio. Akampima, akatikisa kichwa, akamnywesha dawa na kumlaza. "Mmewahi," alisema. "Ila msirudie tena."

Chapuchapu alisikia yote akiwa mlangoni. Moyo ulimuuma, machozi yakamtoka.

"Shangazi, ya jioni sikuijaribu. Nilisema uongo."

Shangazi akamvutia kwake. "Afadhali umesema. Kesho tutaitazama pamoja."

Kesho yake, Bibi akiwa na nafuu, waliketi mbele ya kompyuta. "Tazama hapa," Shangazi alisema. "Kipande hiki cha programu kinaamua kama ni wakati wa dawa, lakini kinakwenda kuichungulia saa chenyewe, kimyakimya. Ndiyo maana ulitakiwa kungoja jioni. Mpishi anayeacha sufuria motoni akatafute chumvi mwenyewe utamwitaje?"

"Mwunguza chakula."

"Basi chumvi aletewe! Kipande kinachoamua kisitafute chochote. Kipewe saa, kitoe jibu. Ukikipa saa ileile, jibu liwe lilelile kila mara. Halafu kuwe na mgawaji pembeni, kazi yake ni kukipa kila kinachohitaji. Siku za kawaida anakipa saa ya kweli. Siku ya kujaribu, anakipa saa ya kuchezea, yoyote utakayo. Kazini kwetu programu ni kubwa, kwa hiyo tuna mfumo mzima wa kugawa. Hapa mistari michache inatosha."

Chapuchapu aliandika upya, safari hii taratibu. Kisha akakipa kipande chake saa moja asubuhi. Kikajibu: dawa. Akakipa saa moja jioni. Kikajibu: bado.

"Kumbe!" Akashika kichwa. Kompyuta ilihesabu saa kuanzia usiku wa manane. Ili kupata saa moja asubuhi alikuwa ameongeza sita, na ya jioni akaongeza sita vilevile, badala ya kumi na nane. Kosa lilionekana mchana kweupe, bila kungoja jua lizame. Akalirekebisha, akajaribu saa zote za mchana na usiku, moja baada ya nyingine.

Jioni kompyuta ilisema, "Bibi, dawa!" Safari hii Chapuchapu alikuwa palepale na maji mkononi. Bibi akameza, akamkalisha pajani ingawa miguu ya mjukuu ilishagusa sakafu.

"Bibi, kwa nini uliiamini kompyuta hivyo?"

"Kompyuta naijulia wapi mimi? Nilikuamini wewe." Akampapasa kichwani. "Ukisema umefanya, mjukuu wangu, mtu anaweka uhai wake juu ya neno lako. Basi fanya kwanza, ndipo useme."