Sabuni ya Mama Germaine

Kila asubuhi, kabla ya kuvaa sare ya shule, Mwanahamisi alikuwa na kazi moja ambayo hakukubali mtu amnyang'anye. Baba yake, Rashidi, alikata sabuni iliyoganda usiku na kupanga miche yake juu ya ubao, naye binti akapita na muhuri wa chuma akiigonga mmoja mmoja. Kila mche ulibaki na jina la GERMAINE. Kisha alinawa mikono, akanywa chai haraka haraka, akakimbilia shule akinuka mawese hadi kwenye nywele.

Asiyewajua angedhani Germaine ni mama yake, kumbe sivyo. Rashidi na binti yake walitoka Ujiji, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, baada ya mama yake Mwanahamisi kufariki. Rashidi alijua kazi moja tu, kupika sabuni ya mawese, na aliijua barabara. Germaine alikuwa jirani yao hapo Lubunga, mtaa wa kando ya mto, mjane mwenye kicheko cha kusikika mtaa mzima. Alinunua mawese kwao Yanonge, akayaleta mjini kwa mtumbwi, na pipa la kwanza la Rashidi alimkopesha yeye.

Sasa jina lake lilifikaje kwenye sabuni ya mtu mwingine? Rashidi alipotaka kuandikisha biashara yake, watu wa bandarini walimtia hofu. Walimwambia kwamba mgeni ofisini huzungushwa mpaka achoke. Naye, bila kwenda kuuliza hata siku moja, akaamini. Germaine akamwonea huruma.

"Bon, Papa Rashidi, waandike jina yangu," alisema. "Mimi iko mutoto wa hapa. Nani ataniuliza kitu?"

Wakavuka mto pamoja, Germaine akatia sahihi, na karatasi ikatoka kwa jina lake. Tangu siku hiyo Mwanahamisi alifundishwa jibu la kumpa kila anayeuliza karakana ni ya nani, kwamba ni ya Mama Germaine. Jibu hilo halikumpa shida. Mama Germaine ndiye aliyemsuka nywele kila Jumamosi, akimfokea atulie, na ndiye aliyempikia sombe ya majani ya muhogo siku baba alipochelewa. Kumtaja kulikuwa kutamu.

Aliyeliamini jibu hilo kuliko wote ni Trésor, mtoto pekee wa Germaine, aliyesoma darasa moja na Mwanahamisi. Shuleni alitembea kifua mbele.

"Mama yangu iko patronne," aliwaambia wenzake. "Sabuni yote munayoona Lubunga iko yake. Muulize Mwana."

Wakamuuliza Mwanahamisi, naye akasema ndiyo. Germaine aliposikia habari hizo alicheka mpaka akajishika mbavu, akamwambia Rashidi kwamba siku moja atamweleza mtoto ukweli. Siku hiyo haikufika. Alirudi kutoka Yanonge akitetemeka kwa homa, akasema ni uchovu wa safari tu, akakataa kwenda hospitali. Kabla wiki haijaisha alikuwa amezikwa.

Mwanahamisi alilia hadi sauti ikamkauka. Alikuwa ameshampoteza mama mmoja, na hakuna aliyemwambia kwamba mtu anaweza kupoteza wa pili. Trésor yeye hakulia. Alikaa matangani kimya, akitazama chini, na watu wakamsifu kwamba ni mwanamume. Sifa hiyo ilikuwa ya kijinga, lakini ndivyo watu wanavyosema wakikosa la kusema.

Matanga yalipokwisha, Tonton Patrice, kaka mkubwa wa marehemu, alikuja karakanani na vijana wa kubeba mizigo. Aliishi ng'ambo ya mto, na Trésor alikuwa amehamia kwake. Mkononi alishika ile karatasi ya biashara. Trésor alisimama nyuma yake.

"Papa Rashidi, tumekuja kuchukua vyombo vya dada yangu," alisema kwa upole. "Mutoto lazima asome."

Rashidi alimweleza kila kitu, tangu hofu ya bandarini hadi sahihi ya Germaine. Patrice alisikiliza bila kumkatiza. Hakuwa mtu mbaya. Kisha akamgeukia Mwanahamisi.

"Mwana, nilipita hapa mara nyingi. Nilikuwa nakuuliza hii kazi iko ya nani. Ulikuwa unanijibu nini?"

"Ya Mama Germaine," Mwanahamisi alisema.

"Na leo?"

Mwanahamisi alimtazama baba yake aliyesimama kando ya mapipa, mikono imejaa makovu ya soda kali ya kupikia sabuni. Akamtazama Trésor. Alijua kwamba akisema uongo, yeye na baba yake watalala njaa. Alijua pia kwamba akisema kweli, atamchukulia Trésor kitu cha mwisho alichobaki nacho.

"Ni ya baba," alisema kwa sauti ndogo. "Siku zote ilikuwa ya baba."

Trésor aliinua uso. "Donc mama yangu alikuwa muongo?"

Patrice akatikisa kichwa.

"Jana hivi, leo hivi. Mimi nashika neno gani, mutoto wangu? Karatasi haijabadilika."

Vijana wakabeba mapipa, kalibu, miiko na magaloni ya mawese. Waliacha majivu na harufu. Mwanahamisi alikaa chini mahali palipokuwa na ubao wake, akaona uchungu mkubwa, kwa maana alikuwa amesema kweli na haikumsaidia mtu yeyote.

Siku chache baadaye Rashidi alimshika mkono binti yake, wakapanda mtumbwi kwenda ng'ambo, hadi ofisi ya kuandikisha biashara. Safari hii alikwenda kuuliza mwenyewe. Mama aliyekaa mezani alichukua kadi yake ya ukaazi, akaitazama mbele na nyuma.

"Iko bien, papa," alisema. "Wageni wanaandikisha hapa. Inakawia kidogo, utarudi mara mbili tatu, c'est tout."

"Hata zamani ilikuwa hivi?" Rashidi aliuliza.

"Hata zamani. Ungekuja tu."

Rashidi alijaza jina lake polepole, na Mwanahamisi akaona machozi yakimlengalenga. Njia ilikuwa wazi siku zote, naye hakuwahi kugonga mlango.

Walipotoka hawakurudi mtoni. Rashidi alikwenda moja kwa moja nyumbani kwa Patrice. Walimkuta yeye na Trésor wakianika nguo uani.

"Kama umekuja juu ya vyombo, vimeuzwa," Patrice alisema. "Vimelipa shule."

"Basi visomeshe mtoto, sivitaki," Rashidi alijibu. "Nimekuja kwa ajili ya Trésor. Nina deni kwake ambalo si la fedha."

Trésor hakumwangalia. Aliendelea kukamua shati ambalo lilikuwa limeshaisha maji.

"Mwanangu, mama yako hakuwa muongo," Rashidi alisema. "Mwoga nilikuwa mimi, naye akanificha chini ya jina lake. Alifanya hivyo kwa wema. Na mimi nikamfundisha binti yangu kusema yasiyo kweli kila siku, mpaka uongo wetu ukawa kama ukuta."

"Kama hakuwa patronne, alikuwa nani?" Trésor aliuliza.

"Alikuwa mwanamke aliyejua kila kijiji chenye mawese mazuri kutoka hapa hadi Isangi. Alipanda mtumbwi mvua ikinyesha ili pipa langu lisikauke. Alimkopesha mgeni asiyemjua. Hiyo ilikuwa kazi yake, na ilikuwa kubwa kuliko yangu. Sisi tulikupa mama wa uongo ujivunie, tukakunyima yule wa kweli."

Kisha akawatazama watoto wote wawili.

"Sikieni. Mtu akifanya kazi ya halali, aiandikishe kwa jina lake, hata kama njia ni ndefu. Na msiseme uongo kwa sababu mnampenda mtu. Siku anapoondoka, uongo unabaki, na anayeumia ni mtu ambaye hamkumfikiria."

Mwanahamisi alimsogelea Trésor, akashika upande mmoja wa shati.

"Alikuwa anaimba akirudi na mutumbwi," alisema. "Tulikuwa tunamusikia kabla hatujamuona. Alikuwa anaimba mubaya sana."

Trésor alicheka kidogo. Halafu uso ukamharibika, shati likaanguka mchangani, naye akalia kwa sauti, kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Patrice alitaka kumnyamazisha, lakini Rashidi akamzuia kwa mkono.

"Mwache," alisema. "Sasa anamlilia mama yake."