Umri wa Mayala

Kila asubuhi kabla ya kengele ya shule, Domitila aliteka maji bombani, akafagia uwanja, kisha akafungua banda dogo nyuma ya jiko na kumtoa simbilisi wao, Mayala. Simbilisi ni mnyama mdogo asiye na mkia, mnene kuliko panya na mpole kuliko sungura. Huyu alikuwa mweupe mwenye madoa ya kahawia, na manyoya ya mgongoni yalikuwa yamepungua kama mkeka uliolaliwa miaka mingi.

Akishamtoa, Domitila alipitisha kidole chini ya shingo yake. Hapo palikuwa na uvimbe. Wakati wa palizi ulikuwa kama punje ya harage. Sasa watu walikuwa wanavuna pamba, na uvimbe ulikuwa kama yai la njiwa.

"Umekua tena," alisema asubuhi moja.

Kaka yake Ngusa, aliyekuwa na miaka kumi na minne, alikuwa ananawa uso karibu na jiko. Hakugeuka. "Mwache," alisema. "Mzee haachi kuota vitu mwilini. Au mpeleke kwa Twaibu akamchinje. Yule tangu afungue duka, hata kuku akipiga chafya anachukua kisu."

"Hata kwa Gilbert ulisema hivyo hivyo," Domitila akajibu. "Mwache, ni homa tu."

Ngusa aliinua beseni, akamwaga maji karibu kabisa na miguu ya dada yake, akaenda zake.

Gilbert alikuwa mdogo wao. Simbilisi huyu aliletwa na babu kutoka Shishiyu, Gilbert akiwa ndiyo kwanza anajifunza kusema, na babu ndiye aliyempa jina la Mayala. Mtoto na mnyama wakakua pamoja. Mwaka uliopita Gilbert alishikwa na homa. Baba alikuwa kule Nkoma akipima pamba ya kampuni moja ya watu binafsi, kwa maana siku hizo ununuzi wa pamba haukuwa tena wa chama cha ushirika peke yake. Mama alikuwa amekwenda Lamadi kununua dagaa. Ngusa alisema homa itapita, wakampa mdogo wao vidonge vya dukani, wakangoja siku mbili. Mama aliporudi alimbeba mbio hadi hospitali, lakini malaria ilikuwa imeshapanda kichwani. Alikufa akiwa na miaka saba.

Tangu msiba ule nyumba ilikuwa na watu wasiosemeshana. Wakisema, kila neno lilikuwa na mwiba. Ngusa alimwita dada yake Mama Panya mbele ya wanafunzi wenzake, na jina likashika shule nzima. Domitila naye aliacha kumwekea kaka yake chakula. Mama aliwagombeza wote wawili, akachoka, akarudi kwenye meza yake ya dagaa sokoni.

Domitila alikuwa ameshaamua. Mara hii hatangoja. Atampeleka Mayala kwa Twaibu, uvimbe ukatwe, naye atapona.

Twaibu alikuwa bwana mifugo wa serikali kwa miaka mingi, akizunguka vijijini kwa baiskeli. Biashara ilipofunguliwa kwa kila mtu, aliacha kazi na kufungua duka la dawa za mifugo karibu na soko la Bariadi, na nyuma yake chumba chenye meza ya kutibia. Rehana, aliyekaa dawati moja na Domitila na ambaye baba yake alikuwa na duka la jirani, alimwambia kwamba Twaibu ana ukali wake. Hakati mnyama mzee. Wiki iliyopita tu alimrudisha bibi mmoja na mbuzi wake, na bibi akatukana hadi watu wakajaa.

"Kwa hiyo usiseme ni mzee," Rehana alimshauri. "Yeye atajuaje? Si ng'ombe huyo, kwamba atahesabu pete za pembe."

Jumamosi Domitila alimtia Mayala ndani ya boksi, akamfunga miguu jogoo wake wa malipo, akaenda. Hakuaga.

Twaibu alikuwa mtu mrefu, mkavu, asiyejua kucheka na wateja. Alichungulia ndani ya boksi, akamwangalia Domitila. "Miaka ishirini nawatibu Wasukuma," alisema. "Mmeniletea ng'ombe, punda, mbwa. Leo mmeniletea kitoweo."

"Si kitoweo," alisema Domitila.

Twaibu aliguna. Hata hivyo alimtoa mnyama kwa mikono ya taratibu, tofauti kabisa na mdomo wake. Alibonyeza uvimbe, akampima uzito, akauliza umri. Domitila akajibu kuwa ana miaka miwili. Akauliza kama anakula vizuri na kama anachoka haraka. Domitila akasema anakula sana, na anakimbia banda zima. Ukweli ni kwamba tangu masika Mayala alikuwa akitembea hatua tano na kulala.

Bwana mifugo alianza kuvuta dawa ya usingizi kwa bomba la sindano. Wakati huohuo kivuli kikaziba mlango. Alikuwa Ngusa. Alikuta banda wazi, akafuata nyayo za dada yake. Alisimama akitweta, macho yakiwa kwenye sindano.

"Ana jina?" Twaibu aliuliza, kwa namna mtu anavyouliza ili kumtuliza mwenye mgonjwa.

"Mayala," Domitila alijibu bila kufikiri.

Mkono wa Twaibu ukasimama. Alishusha sindano polepole, akaiweka mezani.

"Mimi si Msukuma," alisema, "lakini majina yenu nimeyajua kabla sijajua njia zenu. Mayala ni aliyezaliwa wakati wa njaa. Sasa niambie, binti. Miaka miwili iliyopita mahindi yalikosa pa kuwekwa. Njaa ipi hiyo?"

Domitila alisema ni jina la ukoo tu.

"Njaa ninayoikumbuka mimi ni ile ya kabla makampuni hayajaja kununua pamba. Ni miaka sita." Twaibu akamgeukia Ngusa. "Wewe ni nduguye? Huyu mnyama ana umri gani?"

Hapo Ngusa alikuwa na nafasi ya kumwaibisha dada yake mpaka basi, na Domitila aliiona nafasi hiyo usoni kwake. Lakini Ngusa alisema, "Muulize yeye. Ndiye aliyemleta."

Mayala alikuwa amelala juu ya meza, akipumua harakaharaka.

"Ana miaka sita," Domitila alisema mwishowe. "Na hakimbii. Analala tu. Nilidanganya ili umkate."

Twaibu alikasirika kwelikweli. Alisema dawa ya usingizi hupimwa kwa uzito na kwa nguvu ya mgonjwa, na kipimo alichokuwa amekivuta kilikuwa cha mnyama kijana. Huyu asingeamka. "Halafu mtaani wangesema Twaibu ameua," alisema. "Mwiteni mama yenu aje hapa. Na jogoo wako huyo umfungue, simtaki."

Ngusa alikimbia sokoni. Mama alifika na mikono inayonuka dagaa, akasikiliza kila kitu akiwa amesimama. Hakumpiga mtu. Alimuuliza Twaibu kama uvimbe ule unauma. Twaibu akaubonyeza, Mayala akatulia tu. Akasema ni laini, haujaziba koo, na mnyama bado anatafuna. Akikatwa, kwa umri ule, huenda akafia mezani. Asipokatwa, anaweza kuishi miezi, pengine mwaka, na asijue kama ana kitu shingoni.

"Tukingoja atakufa," alisema Domitila, na sasa alikuwa analia. "Kwa Gilbert tulingoja."

Ngusa aliangalia sakafu. "Ni mimi niliyesema tungoje," alisema. "Anajua. Kila siku ananiambia."

Mama alikaa kwenye kibao cha wateja, akawavuta wote wawili mbele yake.

"Nisikilizeni, wanangu. Homa ya Gilbert ilitaka haraka. Mlikuwa watoto peke yenu nyumbani, na mimi ndiye niliyewaacha bila kuwaambia kwamba homa ya mtoto haingojwi. Kosa hilo msilivishane tena. Lakini wewe, mayu," akamwita Domitila kwa Kisukuma, yaani mama, na kumshika kidevu, "huwezi kumpa simbilisi haraka aliyoikosa mdogo wako. Huyu mgonjwa hana mdomo. Wewe ndiye mdomo wake. Ukidanganya mbele ya mganga, hata kwa kumpenda, unamgeuzia dawa kuwa sumu. Sasa sema, tumkate au tumwache?"

Domitila alimpapasa Mayala pale shingoni. Mnyama alifumba macho.

"Tumwache," alisema.

Twaibu aliwaagiza waweke banda kavu, wampe majani laini, na wamrudishe siku akiacha kula. Hakutoza kitu. Wala hakuwaaga kwa tabasamu.

Njiani Ngusa alibeba boksi, Domitila akabeba jogoo. Walipofika bondeni, Ngusa alitua boksi na kuanza kung'oa majani kwa pupa.

"Si hayo," Domitila alisema kwa ukali. "Magumu hayo. Ana meno ya kizee."

Ngusa aliyatupa. "Nionyeshe basi yepi," alisema.

Domitila akachutama kando yake, akamwonyesha.