Mawe Mekundu ya Nyuma ya Nyumba

Mume wangu ni fundi cherehani. Alishona, tukala, maisha yakasonga. Hadi siku alipochota mchanga nyuma ya nyumba, akaona punje nyekundu.

"Mama watoto, tumeula," alisema. "Hivi ni vito. Vikubwa viko chini."

Kilima chetu chote ni mawe ya kijivu. Mchanga upo hapo tu, nyuma ya jiko letu, basi akaona ni bahati yetu peke yetu. Aliuza cherehani, akanunua sururu. Nilisema mpaka mdomo ukaota nyasi. Shimo likafika kwenye msingi, ukuta ukapasuka, ufa ukawa unapitisha mkono. Na mvua zilikuwa karibu. Nilikata tamaa kabisa. Nikafunga nguo za watoto, nikaziweka mlangoni, tayari kukimbia.

Wifi yangu anafanya kazi ya kupima miamba. Nikamwita. Alitia mchanga kwenye beseni, akamimina maji, akazungusha. Mchanga mwepesi ukamwagika, zikabaki punje nzito.

"Kaka, zishike. Zina kona?"

"Hazina. Ni laini."

"Zimesuguliwa na maji, mwendo mrefu." Akavunja jiwe la chini ya shimo. "Haya, nitafutie nyekundu humu."

Mume wangu alitafuta sana. Hakupata hata moja.

"Basi hazikuzaliwa hapa," wifi akasema. "Jiwe lenye punje kama hizi liko mlima ule, ng'ambo ya bonde. Zamani sana, kabla ya bonde kuwepo, mto ulitoka kule ukapita hapa. Ukaacha mchanga. Mwingine ulishasombwa, umebaki huu."

"Na vito vikubwa?"

"Ukichimba utakutana na jiwe la kijivu tu. Na hizi ndogo, kaka, hutengenezewa msasa tu, si mapambo. Ungeniletea kopo moja la mchanga na kipande cha jiwe kabla hujauza cherehani."

Alikaa ukingoni mwa shimo. "Nimetumaliza," alisema. Nikaokota jiwe, nikalitupa shimoni.

Tulilijaza shimo kwa mawe na udongo, tukashindilia, tukaziba ufa. Mvua zikapiga wiki nzima. Ukuta ukasimama.

Sasa anashona kama kibarua kwa yule aliyenunua cherehani yake. Anaitumia ile ile, na si yake tena.

Mvua zilipokwisha, alifungua furushi la pale mlangoni, akakunja nguo za watoto moja moja, akazirudisha sandukuni. Hakunitazama usoni. Nami nilimshikia mfuniko.