Bibi Harusi Amegoma Mlimani

Kila Jumamosi asubuhi, kabla chai haijachemka, Kasuku alikuwa tayari uani na ndoo mbili, akilisugua gari la mama yake. Lilikuwa gari jeupe, lenye umri mkubwa kuliko wake, lakini kwa jinsi lilivyoogeshwa na kung'arishwa, majirani waliliita Bibi Harusi. Mama yake alikodisha viti vya sherehe. Bibi Harusi akilala, viti navyo vinalala, na nyumba nzima inakula kwa macho.

Msichana mwenyewe aliitwa Kasuku kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. Ua wao ulikuwa na wapangaji tele, kila mlango na habari zake, na Kasuku alizijua zote.

Jumamosi hiyo alifungua boneti aoshe injini. Sharti la mama alilijua kwa moyo: "Kabla ya maji, ziba bomba la kuvutia hewa. Maji yakiingia humo, tumekwisha." Kasuku akasokomeza mfuko wa nailoni kwenye mdomo wa bomba, nyuma ya taa ya mbele, kisha akaosha. Alikuwa anamalizia kufuta aliposikia vicheko barazani. Mama Redio, jirani asiyepitwa na jambo, alikuwa anasimulia uchumba uliovunjika.

"Ngojeni, msianze bila mimi!" Kasuku alipiga kelele. Akabamiza boneti, akakimbia.

Jumapili gari lilibeba viti. Kwenye tambarare liliteleza vizuri, lakini lilipoanza kupanda mlima likakohoa, likatoa moshi mweusi, likazimika. Sherehe ilianza wageni wakiwa wima, na mama alirudi nyumbani amenuna.

Kesho yake akamwita fundi, yule yule aliyelifanyia gari sevisi Ijumaa. Fundi aliliwasha, akakanyaga mafuta, akainama kuutazama moshi.

"Shemeji, injini hii inabanwa pumzi," alisema. "Kwenye tambarare haihitaji hewa nyingi, ndiyo maana haisumbui. Mlimani inataka hewa na haipati. Moshi mweusi ni mafuta yasiyoungua vizuri." Akafungua chujio la hewa. "Hili ni safi, nimeliweka Ijumaa. Nipe nafasi nilifuatilie bomba lote."

"Ufuatilie nini tena?" mama alifoka. "Gari lilikuwa zima mpaka ulipoligusa! Umechomoa kifaa changu kizuri, ukanibandikia kibovu!"

"Haki ya Mungu, sijachomoa kitu."

"Mmh! Mafundi hao, tunawajua," Mama Redio alidakia mlangoni kwake, na ua mzima ukaguna.

Kasuku alisimama karibu na ndoo zake. Hewa. Bomba. Mfuko! Alifungua kinywa, akakifunga. Angesemaje sasa, mama ameshamtukana mtu mbele ya kadamnasi? Akajiambia atauchomoa kimyakimya, watu wakitawanyika. Fundi alikusanya spana zake, akaondoka. Lakini watu wa ua ule hawakutawanyika. Walikaa pale pale kumjadili fundi, na kwa mara ya kwanza Kasuku hakuchangia.

Alasiri, kilio kikatoka chumbani. Mama mdogo, mdogo wake mama aliyeishi nao, alikuwa mja mzito, na uchungu ulikuwa umemshika kabla ya siku zake. Hospitali ilikuwa juu ya mlima.

"Tutapita polepole, litafika tu," mama alisema, akizungusha ufunguo. "Kasuku, kaa nyuma umshike mama yako mdogo!"

Walifika chini ya mlima salama. Mama akaingiza gia ya kwanza. Gari likapanda kidogo, likakohoa, moshi mweusi ukatanda nyuma, likazimika. Likaanza kurudi nyuma. Mama alivuta breki ya mkono kwa nguvu zake zote. Lori lililokuwa nyuma yao lilipiga honi.

"Dada, siwezi kungoja," mama mdogo alinong'ona, akaubana mkono wa Kasuku hadi vidole vikauma.

"Yule fundi!" mama alilia. "Mtoto huyu likimpata la kumpata, nitamfunga yule mwizi!"

"Mama, si fundi!" Kasuku alisema. "Ni mimi. Nilisahau mfuko kwenye bomba la hewa."

Mama aligeuka. Kisha mama akasema maneno mawili tu: "Toka. Kautoe."

Kasuku aliruka nje, akaweka jiwe nyuma ya gurudumu, akafungua boneti. Mdomo wa bomba ulionekana mtupu; mfuko ulikuwa umevutwa ndani. Akaingiza mkono. Chuma cha moto kilimchoma kiwiko, akauma meno, akasukuma vidole mpaka vikagusa nailoni. Akavuta. Mfuko ukatoka umekunjamana, mweusi kwa vumbi.

"Washa, mama!"

Injini ilikataa, kisha ikakubali kwa mngurumo aliokuwa ameusahau. Bibi Harusi akapanda mlima bila kukohoa. Muda mfupi baada ya kupokelewa na wauguzi, mama mdogo alijifungua mtoto wa kike, aliyelia kwa sauti ya kuamsha wodi.

"Huyu naye kasuku," muuguzi alicheka.

Mama hakucheka. Asubuhi iliyofuata alimleta fundi uani, mbele ya masikio yale yale.

"Shemeji, nilikuita mwizi hapa, na nakuomba radhi hapa hapa," alisema. Mama Redio akajifanya anaanika nguo. Kasuku akasogea, akamkabidhi fundi ule mfuko kwa mikono miwili.

"Nisamehe, baba. Nilikumbuka ulipotaja hewa. Niliogopa."

Fundi aliukunjua mfuko, akautazama kwenye mwanga.

"Kusahau, mwanangu, hata mimi nasahau. Nimewahi kuacha spana ndani ya boneti ya mteja. Lakini jana nilirudi nyumbani na jina la mwizi, na wewe ulikuwa na dawa yake mdomoni. Ungesema pale pale, ningeutoa huu kwa vidole viwili, na mama yako mdogo asingepata mateso yale mlimani. Ukikosea, sema mapema, kosa likiwa bado jepesi. Ukilificha linakungoja kwenye mwinuko."

Jumamosi iliyofuata Kasuku aliziba bomba kwa kitambaa chekundu kirefu, akakiacha kining'inie nje ambapo kila jicho lingekiona. Mama Redio alimwita mara mbili. Kasuku hakwenda mpaka alipokichomoa.