Kikohozi cha Pampu

Haya yalimpata rafiki yangu, fundi kompyuta, na hadi leo akiyasimulia hamtazami mtu usoni. Mjane mmoja alimletea kompyuta ya marehemu mumewe, aina inayopozwa kwa maji yanayozungushwa na pampu, akasema pampu hiyo inakohoa.

"Mama, hiyo ni hewa tu kwenye mipira ya maji," fundi alimjibu, huku akiwakonyeza wateja wengine dukani. Wakaangua kicheko. Akailaza kompyuta ubavu ili hewa itoke, kikohozi kikazidi. Basi akaizima, akamwaga maji yote, akaing'oa pampu.

Ghafla umeme ukakatika. Duka likawa giza totoro, feni zikanyamaza. Pampu, kavu, nyaya zikining'inia, ikakohoa kiganjani mwake.

"Samahani, fundi," mjane alinong'ona kwa aibu. "Marehemu hapendi kuchekwa."